Pini ya Kushoto Chini

Siku barua za Rais wa zamani zilipofunguliwa kwa watu wote, nilimwacha mteja wangu kitini akiwa amenyolewa upande mmoja. Nilimvua shuka, nikamwambia, "Kaka, niwie radhi, rudi jioni nikumalizie bure," nikafunga kibanda, mimi huyoo! Mpaka leo mtu yule hanisalimii, na mimi sijali. Asubuhi ile nilikuwa nimeingoja miaka thelathini. Nikae nachonga nywele za watu wakati nyumba yangu nzima roho iko juu? Thubutu!

Lakini mimi ni kinyozi tu, na hii si habari yangu. Ni habari ya mke wangu, ambaye kazini wanamwita Bi Pini, na ya baba yake.

Kazi ya mke wangu ni kutoa pini. Msicheke. Zamani ofisi zilikuwa zinabana karatasi kwa pini za chuma, na chuma kikikaa miaka mingi kinashika kutu na kuila karatasi. Kwa hiyo makaratasi ya serikali yakifika Jumba la Nyaraka, kabla hayajaingia kwenye maboksi, lazima mtu akae ayatoe pini moja moja, bila kuchana, bila kuacha hata vumbi la kutu. Mtu huyo ni yeye. Ana meza yake dirishani, kitambaa cheupe, kisu butu cha mfupa, brashi laini, na chupa ya jemu ya kutupia pini. Amekwisha kujaza chupa kumi na nne. Ziko nyumbani juu ya kabati, na ole wako uziguse.

Sasa sikilizeni utaratibu wao, maana hapo ndipo penye mambo. Barua ambazo muda wake wa kufunguliwa haujafika, mtoa pini haruhusiwi kuzisoma. Basi anazilaza kifudifudi, maandishi yanatazama kitambaa, naye anafanya kazi kwa upande wa mgongo. Mke wangu anazijua barua kwa migongo yake: ipi imekunjwa mara nne, ipi ilimwagikiwa chai, ipi pini yake ilitoka kwa shida. Ukimwuliza inasema nini, hajui. Siku ya kwanza walimlisha kiapo, na mwanamke yule akiapa ameapa. Mimi nikishika bahasha ya jirani tu vidole vinaniwasha!

Baba yake alikuwa tarishi wa Ikulu. Barua za posta zilikuwa na watu wake; yeye alibeba za mkononi, zile ambazo hazitakiwi kupita mikono mingi. Kila asubuhi alinyoa ndevu, akavaa koti lililopigwa pasi, akatia kwapani daftari lake la kukabidhi barua. Kila barua ilikuwa na mstari wake kwenye daftari: tarehe, imetoka kwa nani, imepelekwa na nani, imepokelewa na nani, sahihi. Mtu mmoja tu hakuwa anasaini, naye ni Mkubwa, ndivyo walivyomwita Rais pale ofisini. Nani angethubutu kumwambia Rais atie sahihi kwenye daftari la tarishi?

Miaka arobaini na mitano iliyopita, wafanyakazi wa reli walimwandikia Mkubwa wakiomba wakutane naye kabla ya Ijumaa, la sivyo wanagoma. Baba alimpa barua ile Mkubwa mwenyewe, mkononi, kwenye ngazi za nyuma, mvua inanyesha, Mkubwa anakimbilia gari. Ijumaa ikapita kimya. Treni zikasimama wiki tatu, watu wakapoteza kazi, bidhaa zikaozea stesheni. Mkubwa alipoulizwa akasema hajaona barua yoyote. Wasaidizi wake wakamgeukia tarishi: barua iko wapi? Na baba mkwe wangu akafunga mdomo. Hakusema hata neno moja. Wakamfukuza siku ileile, akatoka na koti lake na daftari lake kwapani, hakuna hata aliyekumbuka kumnyang'anya.

Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, nikiwa bado sina adabu, nilimwuliza kwa nini hakujitetea.

"Mkwe," akaniambia, "ningesema nimempa mwenyewe, ningekuwa nimemwita Rais muongo mbele ya watu wake. Nilijua alikuwa na mambo mengi, amesahau tu. Nikasema moyoni, atakumbuka. Nikarudi nyumbani kumngoja akumbuke."

Akangoja. Mtaani wakampa jina, Mla-Barua. Mke wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na shuleni wenzake wakimwona wanatafuna karatasi za daftari na kumcheka. Mzee akapata kazi ya ubawabu kwenye kiwanda cha sabuni, akakaa getini mpaka alipozeeka. Ndevu nazo akaziacha ziote, akisema alikuwa anazinyoa kwa ajili ya kazi, na kazi haipo. Hebu fikirieni aibu yangu! Mimi kinyozi wa mtaa mzima, baba mkwe wangu ana ndevu zinazofika kifungo cha pili cha shati. Wateja wananiuliza, "Vipi, mzee wako hakuamini?" Nimembembeleza miaka yote. Kakataa katakata.

Alichokuwa anataka duniani kilikuwa kimoja, na hakikubadilika. "Nataka kujua kama alikumbuka." Basi. Hakutaka fidia wala kuombwa radhi na mtu. Mkubwa akatoka madarakani, miaka ikaenda, akafariki bila kumtafuta. Kama jibu lilikuwepo, lilikuwa limebaki kwenye barua zake. Na barua zake, maboksi sitini, za siasa na za nyumbani, familia ilikuwa imezikabidhi Jumba la Nyaraka kwa sharti moja: zisisomwe na mtu kwa miaka thelathini.

Na zilipofika, nani alipewa azitoe pini? Mke wangu! Lo! Nilisikia habari ile nikaruka, nikamshika mabega nikamwambia, "Mama, Mungu ametuona! Kesho unageuza karatasi mbili tatu, jioni unamwambia baba, yamekwisha!"

Akanitazama weee. Kisha akasema, "Nikigeuza hata moja, watasema Mla-Barua amezaa Mla-Barua. Na safari hii watakuwa wanasema kweli."

Tulinuniana wiki nzima. Lakini alichosema kilikuwa kimesemwa, na miaka thelathini ikaanza kuhesabiwa. Jamani, mnajua kuishi kwenye nyumba ya watu wawili wenye viapo? Baba hasemi alichokiona Ikulu. Binti hasemi anachokishika Nyaraka. Wanakaa mezani wanapitishiana chumvi, kila mmoja amefunga mdomo, mimi peke yangu ndiye redio. Na mzee alikuwa anazeeka. Sabini, themanini, themanini na tatu. Kila akikohoa usiku mke wangu anakaa kitandani anasikiliza, na mimi najua anahesabu nini.

Alifika themanini na sita, akiwa mzima, siku yenyewe ikafika.

Tulipofika pale Jumba la Nyaraka foleni ilikuwa imeshazunguka ukuta. Waandishi wa habari na kamera zao, maprofesa, wanafunzi wa chuo, watu wa siasa wenye wasiwasi wa kukuta walichoandika zamani. Na katikati yao baba mkwe wangu, koti lilelile la kazi likimpwaya, mfuko wa kitambaa mkononi. Ndani ya mfuko mna lile daftari. Nilimwuliza la nini, akasema, "Naenda ofisini, mkwe. Nitaendaje mikono mitupu?"

Tukapewa meza karibu na dirisha. Na aliyesimamia chumba cha kusomea siku ile, kwa sababu karatasi nyingi zilikuwa dhaifu na zinataka mtu anayezijua, alikuwa Bi Pini mwenyewe. Mke wangu alitutazama kana kwamba hatujawahi kulala nyumba moja.

"Wasomaji," akatangaza, "kalamu za wino ziachwe mlangoni, ni penseli tu. Kila meza maboksi matatu kwa siku, moja baada ya jingine. Tunafunga saa kumi. Mazungumzo hayaruhusiwi." Alipofika kwenye mazungumzo akanikazia macho mimi.

Boksi la kwanza tuliomba barua za nyumbani za mwaka ule. Mzee alisema mtu akiwa na jambo linamsumbua atamwandikia ndugu yake kabla ya kumwambia waziri. Basi tukasoma. Salaale, nilisahau tumefuata nini! Rais mzima anamlalamikia dada yake kuhusu viatu vipya. Anasema amekaa mkutano wa saa tano na wageni wakubwa, kiatu kimoja amekivua chini ya meza, na ulipofika wakati wa kusimama kupiga picha hakukiona, akapiga picha na soksi. Nilicheka mpaka profesa wa meza ya pili akageuka. Mke wangu akagonga meza kwa penseli. Mzee naye akatabasamu ndani ya ndevu, akasema polepole, "Navikumbuka viatu hivyo. Mimi ndiye niliyekiona. Kilikuwa kimeingia chini ya pazia."

Lakini juu ya barua ya reli, hakuna. Tulipekua boksi zima mpaka saa saba mchana. Jino linamuuma, paa la nyumba ya mama linavuja, mpwa amefaulu mtihani. Barua ya reli, kimya.

Boksi la pili tuliomba za siasa, mwezi ule wa mgomo na miezi miwili iliyofuata. Hapo sikucheka tena. Tulikwenda karatasi moja moja, mzee anasoma, mimi nageuza kwa ncha za vidole. Karibu na mwisho wa jalada nikageuza karatasi iliyokunjwa mara nne, ina madoa ya maji, wino umetambaa pembeni. Mzee akaweka kiganja juu yake kabla sijasoma hata neno.

"Hii hapa," akasema.

Ilikuwa yenyewe, barua ya wafanyakazi wa reli. Na juu pembeni, kwa wino wa bluu, kwa mwandiko uleule uliolalamikia viatu, yalikuwapo maneno haya: Imeonekana leo, mfuko wa koti la mvua. Kisha tarehe. Wiki saba baada ya baba kufukuzwa.

Niliruka! Kiti kikaanguka nyuma. "Alikumbuka!" nikapiga kelele, chumba kizima kikageuka. "Baba, umeona? Mfukoni mwake! Alikuwa nayo mwenyewe! Sasa waje hapa wale waliokuita Mla-Barua, waje mmoja mmoja!" Mke wangu alikuwa ameshafika mezani, kaja kunifukuza nadhani. Akasoma ule mstari wa bluu, akashika ukingo wa meza.

Baba mkwe wangu ndiye hakufurahi. Aliweka kidole chini ya tarehe ile.

"Wiki saba," akasema. "Kumbe alikumbuka. Alikumbuka, akanyamaza."

Furaha yangu ikanywea palepale. Sikuwa nimelifikiria hilo. Miaka yote tuliogopa jibu litakuwa hapana, hakukumbuka, na hapana tulikuwa tumejiandaa nayo. Hii hatukujiandaa nayo. Mkubwa alijua, akaishi miaka mingine yote akijua, na mzee wetu yuko getini kwenye kiwanda cha sabuni anamngoja. Nilitaka kulaani, nikauma ulimi.

Mzee akaanza kukusanya mfuko wake. Kama mtu anayetaka kusema chochote ili asilie, akagusa vitundu viwili vya pini kwenye kona ya karatasi. "Hii waliibana juu kushoto," akasema. "Ni ya jalada. Zile za kutoka ofisini kwetu, za kubeba mimi mkononi, tulikuwa tunazibana kushoto chini, karani wa posta asije akazizoa na zake. Twende nyumbani, mkwe."

"Baba," mke wangu akasema, "umesemaje?"

"Nimesema twende nyumbani."

"Kabla ya hapo."

"Pini. Za mkononi zilibanwa kushoto chini. Ilikuwa desturi ya ofisi yetu tu."

Jamani, nimemwoa mwanamke yule miaka thelathini na mitatu, nimemwona akizaa, nimemwona akizika mama yake, sijawahi kumwona na uso vile. Akafumba macho. Vidole vyake vikaanza kwenda hewani, vinapapasa kitu ambacho hakipo, na nikaelewa anapekua. Anapekua maboksi sitini kichwani, migongo yote ya barua zote.

"Ilikuwa moja tu," akasema. "Katika zote zile, moja tu. Bahasha imelazwa kifudifudi, ina kikaratasi cha namba kimebanwa nayo. Nilishangaa mtu gani amebana pini pabaya hivi, na ilikuwa imeshika kutu vibaya, nilihangaika nayo asubuhi nzima." Akafumbua macho. Kisha, kwenye chumba ambacho tangu asubuhi amewanyamazisha watu, akapaza sauti: "Boksi la arobaini na moja! Leteni arobaini na moja, upesi!"

Saa ilikuwa tisa na nusu. Mhudumu wa bohari ni mtu wa polepole. Hata akiambiwa moto unawaka ataomba kwanza namba ya chumba. Niliitazama saa ya ukutani, nikamtazama mzee, nikaitazama tena saa. Dakika kumi na mbili! Nilikuwa tayari kwenda kulibeba mwenyewe ndipo akatokea, analisukuma kwenye kitoroli chenye gurudumu moja linalolia.

Kwenye ubavu wa boksi paliandikwa: Mengineyo. Hakuna profesa wala mwandishi aliyeliomba siku ile. Ndani mlikuwa na kadi za mialiko, risiti, picha zisizo na majina, na chini kabisa furushi lililofungwa kwa utepe, juu yake karatasi: Vishubaka vya ofisi ya mbele. Mke wangu akafungua utepe. Bahasha tupu, fomu, bahasha tupu. Kisha akaitoa moja, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai, imefungwa kwa gundi na haijawahi kufunguliwa. Kushoto chini ilikuwa na alama mbili za kutu.

Akaigeuza upande wa anuani. Palikuwa na maneno matatu: Tarishi. Kwa mkono.

"Kishubaka changu kilikuwa mlangoni," mzee akasema. "Barua ya mkononi ikitoka kwa Mkubwa, karani anaiweka mle, mimi nikifika asubuhi naichukua naipeleka. Hii ilikuwa ya kupelekwa kwangu. Karani akafanya kama kila siku. Akaiweka kwenye kishubaka cha anayepeleka."

"Na anayepeleka keshafukuzwa," nikasema.

"Aliyenirithi nilisikia walimpa kishubaka kipya," mzee akasema. "Changu hakuna aliyekigusa."

Nikawa sijui nicheke au nilie. Miaka arobaini na mitano! Barua ya tarishi imekaa inamsubiri tarishi aje aipeleke kwa tarishi! Na nusu ya miaka hiyo, na zaidi, imekaa chini ya ulinzi wa binti yake, aliyeitoa pini kwa mikono yake mwenyewe na hakuigeuza.

Hapo ndipo alipofika mkuu wao, kijana wa tai, mpole, ila anatembea na kanuni mfukoni. Akasema bahasha ambayo haijafunguliwa haiwezi kufunguliwa hivi hivi, lazima ijazwe fomu, iende kwenye kamati. Kamati inakaa baada ya miezi mitatu.

"Ebo! Miezi mitatu?" nikamwambia. "Bwana mkubwa, umemwona huyu mzee? Unamwona vizuri? Kamati yako ina daktari?"

"Mume wangu, nyamaza," Bi Pini akasema, na mara moja hiyo katika maisha yangu nikanyamaza. Akamgeukia kijana. "Mkuu, kwa miaka thelathini sijawahi kukuomba kitu wala kumwomba aliyekutangulia. Hii si ya Nyaraka. Ina mwenyewe, na mwenyewe amekaa hapo."

"Najua, Bi Pini. Lakini nitajuaje kwamba ndiye?"

Mzee akaingiza mkono kwenye mfuko wa kitambaa, akatoa daftari la kukabidhi barua, jalada lake la kitambaa limechakaa, akalifungua ukurasa wa mwisho. Ile mistari ilikuwa imenyooka, mwandiko mmoja juu hadi chini. Mstari wa mwisho kabisa: barua kutoka wafanyakazi wa reli, tarehe, imepelekwa na Tarishi, imepokelewa na Mkubwa. Nafasi ya sahihi ilikuwa tupu.

Kijana wa tai akausoma mstari ule. Akaichukua barua yenye madoa ya mvua, akalinganisha tarehe. Akalegeza tai yake. "Bi Pini," akasema, "lete kisu chako."

Wale maprofesa na waandishi walikuwa wameshaacha meza zao, wametuzunguka. Mke wangu akatandika kitambaa cheupe. Akapitisha kisu cha mfupa chini ya gundi, taratibu, kidogo kidogo, na bahasha ikaachia bila kuchanika hata unywele. Akatoa karatasi moja iliyokunjwa mara mbili. Akaikunjua, na kwa mazoea yake yote, mbele ya macho ya watu wote wale, akailaza kifudifudi. Kisha akasimama tu, mikono kando, anautazama mgongo wa karatasi.

"Igeuze, mwanangu," mzee akasema. "Hii ni yetu."

Akaigeuza. Akasoma kwa sauti, na sitaki kuwadanganya, mpaka sasa nikiyakumbuka maneno yale naweka mkasi chini.

"Ndugu Tarishi. Ile barua ilikuwa kwenye koti langu. Leo imenyesha tena, nimelivaa, nimeingiza mkono mfukoni, nimekumbuka ngazi na nimekumbuka uso wako. Ulijua unayo ya kusema, ukaninyamazia. Mimi sikustahili. Nimeshaagiza karani afute yote yaliyoandikwa juu yako, lakini sitatangaza mpaka tuonane, maana nataka nikuombe radhi kwanza, mbele ya hao waliokufukuza. Njoo kazini Jumatatu saa moja. Usipokuja nitajua umenikataa, na sitakulaumu, wala sitakusumbua tena."

Mwandishi mmoja wa habari alikuwa ameshusha kamera yake. Mke wangu akajifunika uso kwa kile kitambaa chake cheupe, analia kwa sauti, wala hajali chumba ni cha kusomea.

"Alidhani nimemkataa," mzee akasema. "Masikini. Naye alikuwa ananingoja." Machozi yalimtiririka yakapotelea ndevuni, lakini uso, jamani, uso ulikuwa umefunguka. Akavuta daftari karibu. "Mwanangu, chukua mstari unaofuata. Barua haiondoki mezani bila kuandikwa."

Mke wangu akachukua penseli.

"Siyo penseli!" mzee akafoka. "Barua ya Mkubwa kwa penseli?"

Kijana wa tai akatoa kalamu ya wino mfukoni mwake mwenyewe, kwenye chumba ambacho wino ni marufuku, akampa. Mke wangu akaandika tarehe ya siku ile. Imetoka kwa: Mkubwa. Imepelekwa na: Bi Pini. Imepokelewa na: Tarishi. Mzee akachukua kalamu, akatia sahihi kwenye nafasi yake, akapuliza wino, akangoja ukauke, ndipo akafunga daftari na kumkabidhi kijana wa tai. Akasema ni mali ya serikali, alichelewa tu kulirudisha.

Tulitoka nje saa kumi na robo, mke wangu amemshika baba yake mkono mmoja, mimi mwingine. Nilikuwa naongea mfululizo, sijui hata nilikuwa nasema nini. Tulipofika barabarani mzee akasimama.

"Mkwe, leo siku gani?"

"Ijumaa, baba."

Akajishika ndevu, akazipima kwa kiganja toka kidevuni mpaka kwenye kifungo cha pili.

"Basi Jumatatu uninyoe mapema," akasema. "Natakiwa kazini saa moja."

Jumatatu nilifika kibandani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nilimkuta ameshafika, amekaa kwenye ngazi, koti limepigwa pasi.